Bahari Haikunitema Mara Saba

Banda la Mbao,
Upande wa ufukweni, mkabala na udobi wa hoteli.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Kabla hujaendelea kusoma kaa kitako, maana anayekuandikia si mtu mdogo. Hoteli hii ina vyumba mia na ishirini, ina lifti mbili na meneja mwenye tai, lakini siku mimi nikiumwa kichwa bahari nzima hufungwa. Wageni hurudi vyumbani kulala. Hilo linajulikana.

Baada ya hayo, salamu. U mzima wewe? Kile kifua kilichokuwa kinakukwaruza kimeachia? Sisi huku wazima. Mkaza mjomba wako naye mzima, ila goti lake sasa linatabiri mvua kuliko redio. Na duka lenu la miwani linaendeleaje? Nawahurumia hao wateja wako, watu wazima wanaoingia dukani wakipapasa kuta. Mimi, kama unavyojua, nikikaa mlangoni mwa banda langu namwona kunguru juu ya mnara wa simu, na ukitaka nitakuambia ni jicho gani amelifumba.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Usiifungue mpaka ufike mwisho wa barua. Nakujua, tangu utotoni ulikuwa unafungua zawadi za wenzako.

Sasa nije kwenye hasira zangu. Ujumbe wako wa sauti niliupokea Alhamisi, nikiwa kwenye chumba cha kulia cha wafanyakazi, na kwa kuwa simu yangu haijui kunong'ona, waliusikia wote. Ulisema, "Mjomba, kumbe bahari ilikutema mara saba?" Kisha ukacheka. Ulicheka muda wa kutosha kuchemsha chai. Mpishi mkuu aliweka mwiko chini ili naye acheke kwa nafasi. Tangu siku hiyo nikipita jikoni wananiuliza kama bahari imeshiba au inataka nyongeza.

Aliyekuambia namjua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mama yako ndiye anayefua nguo za hoteli nzima. Dada yangu wa tumbo moja, aliyenibeba mgongoni, ndiye aliyenitangaza mpaka ng'ambo. Nimeamua kuandika kwa sababu simu haina adabu, mtu anaweza kukukatia katikati ya ukweli. Barua utaisoma yote. Shule niliiacha darasa la sita, walimu walipoishiwa na vitu vya kunifundisha, lakini kalamu bado inanitii.

Ujue kwanza chanzo. Miaka kumi na moja mimi ndiye mwenye banda la mbao za kusimamia, zile ndefu kama mlango na nusu, ambazo mtu husimama juu yake akapiga kasia. Nazijaza upepo kwa pampu, naziosha kwa maji ya bomba zisiliwe na chumvi, nakaza pezi la chini, namfunga mgeni kamba ya mguuni ili ubao usimkimbie, kisha namsindikiza. Wenye wivu wananiita Mzee wa Pampu. Katika barua zangu za nyuma nilikueleza kwamba nawafikisha wageni mahali maji yanapobadilika rangi. Ni kweli yanabadilika. Yakifika magotini yanakuwa ya kijani.

Akaja meneja mpya. Hajamaliza hata mwezi, akabandika tangazo kwenye mlango wangu bila kuniuliza mlango ni wa nani. Kila anayefanya kazi bandani aupitishe ubao kwenye mawimbi yanapovunjika, alizunguke boya la njano, arudi. Amepewa siku tatu, kila siku saa moja ya kujaribu. Na mawimbi ayasome mwenyewe, asiambiwe na mtu, kwa sababu siku mgeni akizidiwa huko nje yeye ndiye atakayemfuata. Akishindwa anahamia stoo ya viazi.

Stoo ya viazi, Chiriku, iko chini ya ngazi. Haina dirisha. Aliyekuwemo kabla amestaafu akiwa na rangi ya viazi. Mimi banda langu lina rafu nilizozipigilia kwa mkono wangu, na kiti nilichokiunda kwa makasia yaliyovunjika, na kila asubuhi nikifungua mlango bahari inaniamkia. Nikaapa kwamba stoo watanipeleka nimebebwa.

Msimamizi wa jaribio akawa ni mwalimu wa michezo ya majini, binti wa miaka ishirini na nne ambaye sote tunamwita Filimbi, maana hata akitaka chumvi mezani hupuliza. Mimi ndiye niliyemwonyesha kamba ya mguuni inavyofungwa, siku yake ya kwanza, alipoifunga kiunoni. Leo yeye ananipima mimi. Hasira yangu ya kwanza ilianzia hapo.

Akanisomesha mbele za watu kama mtoto wa chekechea. Ubao nitembee nao ubavuni, nisiuweke kati yangu na wimbi, la sivyo utanirudia tumboni. Mawimbi makubwa huja kwa makundi, matano au sita, kisha bahari hupumua kidogo, na hapo ndipo pa kwenda. Nipande kwa magoti, pua ya ubao ilitazame wimbi usoni, nisikae mshazari, na kasia lisisite. Kusimama ni baadaye, mawimbi yakishabaki mgongoni. Nikamjibu kwamba hata siku ya kumposa mkaza mjomba wako sikupiga magoti, sembuse maji ya chumvi.

Basi Jumatatu niliingia nimesimama wima kama nguzo ya umeme. Wimbi lililonijia, mpwa wangu, kama lingekuwa nyumba lingetosha wapangaji wanne na mlinzi. Lilinitazama, nikalitazama. Ubao ukaenda zake, mimi nikaenda zangu, kamba ya mguuni ikatukumbusha kwamba sisi ni ndugu. Nikaburutwa hadi mchangani kama mbuzi anayekataa mnada. Nikarudi. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Sasa tuweke sawa kumbukumbu. Haikuwa mara saba. Ilikuwa mara tano. Zile mbili nyingine nilipiga mbizi kwa hiari yangu, kukagua chini. Suruali haikuvuliwa na bahari, iliteremka, na kati ya kuvuliwa na kuteremka kuna tofauti ambayo mama yako, mtu wa nguo, alipaswa kuijua. Na zile kelele hazikuwa za kuomba msaada. Nilikuwa natoa maelekezo.

Mama yako alikuwa juu ya paa la udobi, pale wanapoanika, ameuma kibanio cha nguo. Kicheko kilipomjia kibanio kilimtoka kikamtua kichwani mtunza bustani. Akaja hadi ukingoni akaniita kwa sauti, "Nahodha, umesahau meli." Paa zima la wafuaji likaangua kicheko.

Jumanne nilipiga magoti. Sikumpigia mtu, ulikuwa ni mkakati. Nikaelekeza pua mbele kama nilivyoambiwa, kasia mkononi, nikaitazama bahari nikaiona imetulia kama godoro. Nikaanza safari. Nyuma yangu filimbi inalia, inalia, nami nikasema huyu binti ana husuda. Kumbe lile godoro lilikuwa na watu chini yake. Wimbi la kwanza likainuka, la pili likampanda mwenzake mabegani, ubao ukasimama kwa mkia kisha ukanishukia na kunipasua mdomo. Nilikunywa maji ambayo mpaka leo chai yangu haihitaji chochote.

Nilipopata fahamu sawasawa nilikuwa mchangani, Filimbi amenishika makwapa.

"Mzee," akaniuliza, "kwani mawimbi yale ulikuwa huyaoni?"

"Nayaona kuliko wewe na filimbi yako."

Nilimjibu hivyo hivyo, damu mdomoni. Safari hii hakucheka mtu. Kuchekwa ni kubaya, lakini kukaa ukatazamwa na watu waliokosa la kusema ni kubaya zaidi. Meneja akaandika kitu kwenye daftari lake akaondoka akielekea jikoni, upande wa stoo. Nikatazama juu ya paa. Niliona umbo la mama yako limesimama, mikono kiunoni, halianiki kitu.

Jioni hiyo alikuja bandani kuniletea sare yangu iliyofuliwa. Tukazozana. Alichoniambia kiliniudhi kuliko ule ubao, na hapa sikirudii.

Ikafika Jumatano, siku ya mwisho. Filimbi aliamriwa aitie filimbi mfukoni, mtu yeyote asinisaidie hata kwa kikohozi. Hoteli nzima ilitoka, na wapishi wakaja na viti. Nikaingia hadi maji yakafika kiunoni, ubao ubavuni, nikasimama. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Mpishi mkuu akasema viazi vimeanza kuniita kwa jina. Nikageuka nyuma nikalitazama paa la udobi, kwa hasira tu, nikamwona mama yako anahangaika na mashuka yake kama siku zote, habari na mimi hana. Nikageuka tena mara ya pili. Hasira hazikuwa zimeisha.

Ndipo nikaamua, sasa.

Nikapanda kwa magoti, kasia kulia, kasia kushoto, sihesabu. Povu la kwanza pua ililipasua kama mkasi unapopasua kitambaa. La pili likanilowesha likaniacha. La tatu likaninyanyua, nikahisi moyo umebaki chini, kisha likaniweka taratibu kwa adabu, na mbele yangu hakukuwa na kitu tena. Bahari tupu, inapumua. Hapo nikasimama, Chiriku. Nikalizunguka boya la njano, nikaligonga kwa kasia mara tatu wasije wakasema sikufika. Samaki mmoja wa ukubwa wa sofa alitoa kichwa, akanisoma juu hadi chini, akarudi kuwaarifu wenzake. Wakati wa kurudi nilisubiri tena nyuma ya mawimbi, nikatazama nchi kavu kidogo, nikaja na maji hadi mchangani.

Meneja alinipa mkono. Filimbi alifuta macho akasema ni chumvi. Banda bado ni langu.

Haya, hilo mama yako alikuambia? Ya suruali alikupigia simu hata sijakauka, ya boya akanyamaza. Nawe ukacheka bila kuuliza mwisho wake, wewe niliyekufundisha kuendesha baiskeli. Kwa hiyo nimekukasirikia, na yeye nimemkasirikia mara mbili. Tangu Alhamisi sisemi naye. Tunakula meza moja, na chumvi tunapitishiana kwa mkono wa mtu wa tatu.

Msalimie mumeo, mwambie ile redio aliyonitengenezea bado inazungumza. Wabusu wajukuu zangu, hasa yule mdogo anayeniita Nahodha, na kwake hilo jina libaki kama lilivyo. Bibi yako anakusalimu, anasema meno mapya yamemkaa. Mkaza mjomba wako anakukumbatia. Mungu akunyooshee kila njia unayoishika, akuepushe na wimbi la ghafla, na akupe watu wa kukutazamia nyuma.

Sasa ile karatasi unaweza kuifungua.

Ni vipimo vya macho. Jana nilikwenda mtaa wa mbali nisikojulikana, nimevaa kofia, nikapimwa. Ukutani wametundika herufi, nikasoma moja, ile kubwa ya juu, na hata hiyo daktari alinisaidia. Aliniuliza kazi yangu ni ipi. Nilipomwambia, alivua miwani yake akaifuta kwa muda mrefu.

Alichoniambia mama yako ile jioni ni hiki: "Wewe huoni mbali. Ndivyo ulivyokuwa ukikodoa ubaoni, kabla hujaacha shule." Nikamfukuza. Hakutoka. Akasema, "Kesho usiitazame bahari. Nitazame mimi. Nikilitandaza shuka, nenda. Nikilikunja, kaa hapo hapo." Mimi nikamwambia hayo ni matusi. Lakini umesoma mwenyewe nilivyogeuka. Kule juu anaona mawimbi yakianza kujipanga mbali kabisa, na shuka la kitanda kikubwa hata mimi naliona.

Kinachoniudhi ni kwamba baada ya mimi kupeana mkono na meneja, mama yako alinifuata bandani akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Nisipovaa miwani atakwenda kwa meneja mwenyewe. "Siku mgeni akizama," akasema, "sitakuwa na shuka la kukuonyesha yuko wapi." Nimetafuta jibu siku nne, silipati, na hakuna kitu kinachotia hasira kama kukosa jibu kwa dada yako. Mpaka miwani ifike sivuki magotini, na meneja nimempa kisingizio cha goti la mkaza mjomba wako.

Halafu nikakaa nikawaza. Amekuambia ya suruali, amekuambia ya kelele, lakini macho hakukuambia, wala hakuna mwingine anayejua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Asante sijampa. Ukizungumza naye, itie mahali katikati ya maneno yako, asijue imetoka kwangu.

Miwani iwe na fremu ya kiume, na kamba ya kufungia nyuma ya kichwa, kamba imara. Majini bado naanguka.

Na ni kweli, ilikuwa mara saba.

Ni mimi, anayekupenda hata uso ukiwa umekunjwa,

Mjomba wako.