Mwani Kwenye Birika la Chai

Mjukuu wangu mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu bibi yako hutega sikio. Tangu umwambie kwamba dondoo ya mwani, yaani dawa iliyokamuliwa humo, imeua seli shina za saratani ya ubongo kama yake huko maabara kwenu, anachemsha mwani kwenye birika la chai, na nyumba nzima inanuka bahari.

Nimemweleza taratibu: seli shina ndizo zinazouotesha uvimbe upya baada ya matibabu, nanyi mmeziua ndani ya kisahani cha kioo, si kichwani mwa mtu. Akanijibu, "Mwalimu wee, ulifundisha jiografia. Mwenye maabara ni mjukuu wangu."

Situlii. Naandika, nainuka, namchungulia, narudi. Jana gari la hospitali lilikuja kumpeleka kwenye matibabu ya mionzi, akalirudisha tupu. Leo amemimina maji pembeni ya kikombe wala hakuona.

Watakuja tena wiki ijayo. Mpigie kabla. Usimwambie mwani haufai. Hilo hata nyinyi hamjalijua. Mwambie tu kwamba bado hamjui, na mionzi haingoji. Nikisema mimi, anasema ni woga. Ukisema wewe, atasema ni elimu.

Ni mimi babu yako, niliyechoka kubishana na nimpendaye.