Mimi Si Daktari, Baba

Chuoni, Dodoma
Jumapili

Baba yangu,

Shikamoo. Najua barua hii inakukuta barazani, mguu umeupandisha juu ya kigoda. Mimi mzima, ila upepo wa Dodoma umenipasua midomo, na nikiutaja ugali wetu wa muhogo wenzangu wananipa pole, kana kwamba nimetaja njaa. Nakuandikia kwa sababu simu unaikata. Karatasi haina pa kubonyeza.

Zuhura, mdogo wangu, ameniambia yote. Kisiki cha mkorosho kilikutoboa wayo wakati wa palizi, nawe una sukari. Kidonda sasa kinatoa harufu. Akikuambia twende hospitali, unamjibu, "Ya nini kumpa mtoto wa watu mguu wangu, na wa kwangu anasomea udaktari?"

Baba, sisomei udaktari. Nasomea afya ya jamii: vyoo, visima, chanjo, na namna ya kuhesabu waliougua. Nikimaliza sitaruhusiwa kushona hata kidole. Nilikwambia haya kwenye simu, ukawageukia wazee wenzako: "Mnamsikia? Daktari asiyejisifu huyo!" Wakacheka. Kabla sijaja chuoni, nilipokuwa mhudumu wa afya hapo kijijini, napita nyumba kwa nyumba na mzani wa kupimia watoto, mliniita dokta kwa heshima tu. Sasa heshima hiyo inakula mguu wako.

Unajisifia kwamba hakiumi. Hapo ndipo ninapokosa usingizi. Mguu wa mwenye sukari ukiacha kuuma haujapona. Umekufa ganzi, na uozo unapanda bila kupiga hodi.

Juzi tulifanya mtihani kuhusu watu wanaochelewa kwenda kutibiwa. Wenzangu walitafuna kalamu. Mimi niliomba karatasi ya nyongeza. Mwalimu akaniuliza, "Mifano hii umeitoa wapi?" Nikamwambia, nyumbani. Nimefaulu vizuri sana. Hongera yako, Baba. Wake za watu niliwabembeleza mpaka wakaenda kliniki na mimba zao. Baba yangu mwenyewe ananiona nafanya mzaha.

Basi kubembeleza kumeniishia. Anayekukabidhi barua hii ni Mzee Issa, Myao wako, mtani wako. Bajaji iliyosimama nje ni yako, inakwenda hospitali mjini. Ukikataa kupanda, nimempa ruhusa aanze utani wa msibani leo leo, nawe ukiwa hai: avae kanzu yako, achechemee uani kama wewe, awaambie majirani kaburi lichimbwe fupi kwa kuwa mguu mmoja umeshatangulia.

Nilimuuliza kwenye simu, "Utaweza kweli, Mzee?"

"Niweze mara ngapi? Huyo Mmakonde nimemngojea tangu tuko jandoni. Ubwabwa wake nitakula na ukoko."

Halafu akashusha sauti. Akasema, "Mwanangu, akikataa nitambeba. Atanipiga, lakini nitambeba."

Ana mgongo mbovu, Baba, unaujua. Usimfanye akubebe.

Msalimie Mama, na aache kukupaka majivu kwenye kidonda. Zuhura apande nawe, achukue shuka na zile dawa zako za sukari ulizoacha kumeza. Shangazi wa Naliendele nimeshamwambia, atawaletea uji wodini. Salamu kwa mjomba wa ng'ambo ya mto akivuka.

Madaktari wakikwambia kidole kimoja lazima kiondoke, wape. Nitukane njia nzima, mtukane na Issa, ila bajaji isigeuzwe.

Mwanao,
Somoe