Kibao cha Atupele na Wivu Wangu

Ijumaa, saa kumi na moja na nusu jioni. Baridi ya Juni imeingia kweli. Mji wa juu umefunikwa na ukungu tangu asubuhi, na huku Ipogolo upepo unapiga mabati bila kupumzika. Nimekaa jikoni na simu mkononi, maharage yako motoni, na kuna jambo nataka kulikiri kabla halijapoa.

Nina wivu.

Si ule wivu wa kutamani kitenge cha jirani. Huu unanikaba. Nikisikia jina la mtu huyo, nabadilisha mazungumzo. Nikiona watu wamemzunguka wanacheka, najikuta natafuta kosa la kuwakemea.

Anaitwa Atupele. Ni binti wa Tukuyu, ana miaka ishirini na saba, na aliletwa kwetu miezi minne iliyopita kutoka tawi la Mbeya. Mimi nina miaka arobaini na mmoja, na kumi na mmoja kati ya hiyo nimekuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda hiki cha mbegu. Tunafungasha mbegu za mahindi kwenye mifuko ya kilo mbili. Kuna mbegu ya nyanda za juu, inayochelewa kukomaa, na kuna ya ukanda wa joto, inayowahi. Zikishapakwa dawa zote zinakuwa nyekundu, huwezi kuzitofautisha kwa macho. Kwa hiyo kazi yangu yote, kwa maneno machache, ni kuhakikisha mbegu hii haiingii kwenye mfuko wa ile.

Mwaka jana iliingia.

Mbegu ya nyanda za juu ilikwenda Chimala, kwenye joto, ndani ya mifuko ya ukanda wa joto. Wakulima walipanda, mahindi yakarefuka, yakapendeza, halafu mvua ikakata kabla hayajabeba. Mwenye duka la pembejeo kule alitutumia picha ya mama mmoja amesimama shambani, mahindi yamempita kichwa, na mkononi ameshika gunzi lisilo na punje. Kampuni iliwapa mbegu nyingine za msimu uliofuata. Lakini mbegu ya mwakani haipikiki ugali leo.

Aliyekuwa kwenye mashine siku ile ni Yustina, mama mtu mzima, mpakiaji wa siku nyingi. Alipewa barua ya onyo, akaondolewa kwenye mashine, akapewa ufagio. Mimi ndiye niliyeandika ripoti. Niliandika: uzembe wa mpakiaji.

Baada ya hapo nilifanya ninachojua. Nilibandika mabango, KUWA MAKINI kwa herufi nyekundu. Niliongeza sahihi kwenye fomu, kutoka moja hadi tatu. Kila asubuhi niliwapanga wapakiaji mstari nikawahutubia.

Ndipo akaja Atupele. Wiki yake ya kwanza alisimama mbele ya bango langu, akalisoma, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa, "Dada Oliva, kuna mtu ameshawahi kuja kazini akiwa amepanga kutokuwa makini?"

Nilikwenda chooni nikakaa.

Yeye hakuhutubia mtu. Alikaa juu ya kreti akanywa chai na wapakiaji, akawauliza wanachoka saa ngapi, wanachanganyikiwa wapi, ni kitu gani kinawachelewesha. Alikuwa anasema binadamu akichoka atasahau tu, awe mzembe asiwe mzembe, kwa hiyo kazi ipangwe namna ambayo hata aliyesahau hawezi kukosea. Kuna neno la Kijapani la jambo hilo. Analitamka vizuri. Mimi siliwezi, na hilo nalo liliniuma.

Halafu akachora kibao. Ni kipande cha chuma tu, fundi wa kuchomelea hapa barabarani alikimaliza kwa siku moja. Kina meno mawili ya kutundikia mfuko chini ya mdomo wa mashine. Zamani ndoano ilikuwa moja tu, na mfuko wowote uliingia. Sasa kila sanduku kubwa la mbegu linatoka chumba cha kusafishia likiwa limefungwa na kibao chake kwa mnyororo. Kibao cha mbegu ya nyanda za juu meno yake yameachana, cha ukanda wa joto yamekaribiana, na mifuko imetobolewa vivyo hivyo. Ukichukua mfuko usio wake, haukai. Unaanguka chini. Huhitaji kuwa makini, huhitaji hata kujua kusoma.

Nilipokiona nilijua mara moja kwamba ni kitu kizuri. Hapo ndipo wivu ulipoanza kunitafuna. Kingekuwa kibaya, ningemhurumia.

Miaka kumi na mmoja nimepita mbele ya ile ndoano. Kwa nini sikuiona mimi?

Nyumbani nilimsimulia mume wangu nikitegemea atanielewa. Akatafuna, akameza, akasema, "Huyo binti ana akili." Nikamwondolea sahani kabla hajamaliza. Akabaki ameshika tonge.

Vibao vilifungwa Jumatatu. Kabla ya hapo Atupele alikuja kwangu na kimoja mkononi, akaniomba nikikague, nimwambie kasoro. Nikamwambia sina nafasi. Nafasi nilikuwa nayo. Nilikuwa nakunywa chai.

Na Jumatano, wenzangu walipokwenda kula, nilibaki peke yangu na mashine. Hii naiandika na aibu yangu. Nilikaa karibu nusu saa nikijaribu kukidanganya kile kibao. Niligeuza mfuko, nikaukunja, nikauvuta. Ukagoma. Mwishowe nikachukua kalamu nikautoboa matundu mapya pale ambapo meno yanataka. Mfuko ukakaa sawasawa. Mfuko usio wake, juu ya kibao kisicho chake.

Nilicheka mwenyewe ukumbini, mama mzima.

Mtu mwema angekwenda kumwambia Atupele mchana uleule. Mimi nilikaa kimya siku mbili, kwa sababu nilijua Ijumaa wageni kutoka makao makuu wanakuja kukiona kibao. Nilitaka aanguke mbele yao.

Leo saa nne wakaja. Meneja alisema "Atupele" mara tisa, nilihesabu. Akasema binti huyo atarudi Mbeya kwa mwezi mmoja kufunga vibao kule pia. Wapakiaji wakapiga makofi. Yustina alikuwa nyuma kabisa na ufagio wake, naye akapiga, ufagio ukiwa kwapani.

Nikanyoosha mkono. Nikasema nina jambo dogo la kuonyesha. Nikatoboa mfuko kwa kalamu, nikautundika, ukakaa. Mgeni mmoja akamtazama meneja. Nami nikahisi utamu mdomoni, kweli kabisa, kama nimelamba asali.

Utamu wenyewe haukudumu.

Atupele alisogea karibu, akainama, akautazama mfuko, kisha akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa umechangamka kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Dada, hili sikuliwaza kabisa! Rudia tena nione."

Nikarudia. Akaandika kwenye daftari lake. Halafu akawageukia wapakiaji. "Jamani, hii ya kutoboa na kalamu, mnaifanyaga?"

Mmoja akasema wanafanya mfuko ukija umechanika tundu, ili mashine isisimame. Atupele akauliza nani aliwaelekeza. Wakatazama chini, na mimi nikajua ni zamu yangu kusema. "Ni mimi," nikasema. Kweli ni mimi, miaka mingi iliyopita. Atupele akaitikia tu kwa kichwa, akaandika. Hakunicheka. Alisema basi mfuko uliochanika uwe na kapu lake, na kalamu zisikae karibu na mashine.

Ningepona kama angeishia hapo. Lakini yeye akishaanza kuuliza haachi.

"Na ile ya Chimala? Ilikuwa kutoboa?"

Meneja akasema ile ilishafungwa, ulikuwa uzembe wa mtu. Atupele akasema kwa upole kwamba angependa tu kujua kosa lilipitaje. Akamwita Yustina.

Yustina akaja mbele na ufagio wake. Akasema siku ile sanduku lilikuja halina karatasi ya jina. Aliuliza ni mbegu gani.

"Ulimuuliza nani, mama?"

Sasa niandike kile ambacho sijawahi kukiandika popote. Aliniuliza mimi. Ilikuwa siku ya kipaimara cha binti yangu kule Kalenga, na gari lilikuwa linanisubiri getini. Mkoba ulikuwa begani tayari. Yustina akaniita, "Dada Oliva, hili sanduku ni la wapi?" Nami bila kugeuka nikamjibu, "La ukanda wa joto, endelea." Nikasaini fomu ukutani, nikaondoka. Kanisani niliimba vizuri sana siku ile.

Wiki nyingi baadaye, picha ya yule mama ilipokuja, nilikumbuka palepale. Nikaandika ripoti ileile niliyoiandika.

Kwa hiyo leo nilisimama mbele ya watu wote nikisubiri Yustina aseme jina langu. Akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Akasema, "Nimesahau, mwanangu. Siku nyingi."

Kikao kikaendelea. Mimi sikusikia tena kitu. Nakumbuka tu kwamba wakati wa kutawanyika Atupele alinishika mkono, akasema anataka niende naye Mbeya, kwa sababu anahitaji mtu anayejua kuvitafutia vibao njia ya kuvunjika. "Mimi nikikitengeneza kitu nakipenda, sioni ubaya wake," akasema. "Wewe unaona." Alikuwa hatanii. Nilimchukia zaidi kwa dakika ile kuliko siku zote.

Zamu ilipokwisha, saa tisa, nilimfuata Yustina kwenye chumba cha vifaa vya usafi. Alikuwa anavua aproni. Nilimsalimia "Kamwene," akaitika, nami nikafunga mlango.

"Kwa nini hukusema?"

Nilitegemea, nakiri, aniambie amenisamehe. Nilikuwa nimeshaandaa machozi. Yustina aliikunja aproni yake mara nne kabla ya kunijibu.

"Ningesema nani angeniamini? Ripoti unaandika wewe. Nimebakiza miaka mitatu nipumzike. Ufagio nao ni kazi."

Basi. Hakunilinda kwa wema. Aliniogopa. Mama wa umri ule, ambaye nyumbani kwetu ningempigia magoti kumsalimia, ananiogopa mimi.

Nikamwambia, "Nisamehe, mama." Akasema, "Mwambie meneja, siyo mimi." Akachukua kapu lake akaondoka.

Nilikwenda. Sikwenda kwa ujasiri. Nilikwenda kwa sababu nilijua nikifika nyumbani nitapata sababu ya kutokwenda. Meneja alikuwa na Atupele, wanapanga safari. Nikasema nilikuwa na la kumwambia faragha, halafu nikaona faragha nayo ni njia yangu ya zamani, nikasema palepale mbele ya wote wawili. Karatasi haikuwepo, Yustina aliniuliza, sikuangalia, nilisaini, na ripoti niliandika uongo.

Meneja alisukuma pembeni karatasi za safari. Akaniambia niandike maelezo yote, niyalete Jumatatu, na nisitegemee kubaki msimamizi. Barua ya Yustina itafutwa, na Jumatatu atarudi kwenye mashine. Nikasema sawa. Nilikuwa na jasho katika baridi yote hii.

Atupele alikuwa amenikazia macho. Nilisubiri hukumu yake. Alichouliza ni hiki: "Hiyo karatasi, dada, huwa inadondokea wapi?"

Nikamwambia inabandikwa kwa gundi, na sanduku likiwa na vumbi gundi haishiki. Akasema, "Ndiyo. Mtu ana haraka, karatasi haipo, na kitu pekee kinachobaki ni mdomo wa mtu." Akaiandika.

Nimetembea hadi nyumbani nikilifikiria hilo. Mimi kwa mwaka mzima nilikuwa natafuta wa kumtwika. Yeye amenipata mimi mkononi, mkosaji kamili mwenye sahihi, na bado anaulizia gundi. Hata kwa kunihurumia amenishinda.

Nimemweleza mume wangu yote. Safari hii hakusema neno juu ya akili za mtu. Amenimenyea vitunguu.

Huu wivu ulidhani haki ni yangu kwa sababu nimekaa muda mrefu. Lakini chini yake kulikuwa na hofu. Nilimchukia Atupele kwa sababu maswali yake yalikuwa yanatembea kuelekea mlangoni kwangu, na nilijua yatafika. Ningeyauliza mwenyewe mwaka jana, yule mama wa Chimala asingepona njaa, ni kweli, lakini Yustina asingeshika ufagio.

Je, wivu umekwisha? Hapana. Nikimfikiria anapanda basi la Mbeya na vibao vyake kwenye begi, bado natamani lingekuwa begi langu. Sijui kama ule mwaliko bado upo baada ya niliyoyasema. Kama upo, nitakwenda kama nani? Kama msaidizi wa binti ambaye ningeweza kuwa mama yake mdogo?

Nitakwenda hivyohivyo. Usiku huu naandika maelezo ya meneja, na Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa na mbele ya zamu nzima, nitamsomea Yustina kila neno.