Bibi, Nimepata Mahali pa Kutazamia Fashifashi

Bibi yangu mpendwa, mke mwenzangu wa Mahege,

Najua barua hii atakusomea Babu, tena kwa sauti, barazani, na majirani wote watasikia. Ndiyo maana nimeiandika kama barua ya wazi. Wasikie tu. Nina habari njema na siwezi kuisubirisha hadi shule ifungwe: nimepata mahali pa kutazamia fashifashi za mwaka mpya. Mahali petu, mimi na wewe.

Usikatae kwanza. Nisikilize.

Unakumbuka ilivyoanza mwaka jana? Mjomba Hamisi alikuja na simu yake mpya akakuonyesha fashifashi za Dar. Babu alikuwa anaswali, kwa hiyo mjomba alizima sauti. Ukaziona zikichanua na kumwagika angani, nyekundu, kijani, zambarau, kimya kabisa. Ukasema, "Kumbe mwaka unaingia hivi huko mjini? Mimi na mke mwenzangu lazima tukaone." Babu alipotoa salamu akauliza nani atampikia. Ukamjibu, "Wake zako wote wawili wanasafiri. Jiko lile pale."

Hakuna aliyekumbuka kukwambia kwamba fashifashi zinalia.

Usiku wa mwaka mpya, pale ufukweni Dar, ulinishika mkono ukapenya katikati ya watu kama unayepita kwenye mpunga mrefu. "Mpisheni mwanafunzi, ametoka mbali!" Walitupisha, Bibi. Tulifika mbele kabisa, hadi maji yakatulowesha miguu. Nilijiona nimepata nafasi nzuri kuliko watu wote wa jiji lile. Watu wakaanza kuhesabu kwa pamoja, na mimi nikainua uso.

Mlio wa kwanza ulipopiga, sikuona kitu. Nilikuwa chini mchangani, na wewe juu yangu, umenifunika kwa kanga na kwa mwili wako wote. Nilisikia moyo wako ukinigonga mgongoni. Kijana mmoja akacheka, "Bibi, hii si vita, ni mwaka mpya!" Nawe, ukiwa bado umelala palepale, ukamjibu, "Mwaka gani unaingia kwa kuvunja mlango?" Watu walicheka, hata mimi nilicheka. Lakini ulinivuta mkono, na tuliondoka huku anga ikipasuka nyuma yetu.

Nyumbani kwa mjomba ndipo uliponieleza. Kwamba ulipokuwa msichana kama mimi, mlikuwa mnalinda mpunga usiku, viboko wakaingia shambani, askari akafyatua bunduki hewani karibu yenu, nawe ukaanguka kutoka juu ya dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba. Tangu siku ile mlio mkubwa unakukata pumzi. Ukamaliza kwa kusema, "Nimekuharibia. Mwakani nenda na mjomba wako, mimi nitabaki na kuku wangu." Neno hilo umelirudia kila nilipokuja likizo.

Bibi, naomba leo uniache nimalize, maana barazani huwa unanikatiza. Hukuniharibia. Pale ufukweni hakuna mtu aliyeogopa kama wewe, na bado jambo la kwanza ulilofanya ni kunifunika mimi. Nimelifikiria hilo mara nyingi hapa bwenini, taa zikishazimwa. Sitaki kwenda na mjomba. Nataka kwenda na wewe, na safari hii uzione.

Sasa sikia nilivyofanya. Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha kwamba sauti hupungua nguvu kadiri inavyosafiri. Niliposikia hivyo karibu nisimame darasani. Basi tunachohitaji si kukaa mbele, Bibi! Tunahitaji kukaa mbali, lakini juu.

Nilipokwenda kwa mjomba Kigamboni wakati wa Idd, hoteli moja ya upande wa mjini, ileile inayorusha za mwaka mpya, ilirusha fashifashi usiku wa Idd mosi na Idd pili. Usiku wa kwanza nilimwomba mjomba anipeleke karibu na kivuko. Nilifumba macho ili nisikie kama wewe. Kifua kizima kilitikisika. Nikasema hapa hapafai. Mjomba akashangaa, "Hapafai vipi? Si unaziona hizo?" Nikamwambia, "Mimi naziona. Bibi atakuwa ameshalala chini." Alicheka hadi akakaa.

Usiku wa pili tulikwenda kwa jirani yake, ambaye anajenga nyumba ya ghorofa huko ndani kwenye mwinuko. Mwenye nyumba alituuliza, "Mnataka kukaa juu ya nyumba ambayo hata mimi mwenyewe sijalala humo?" Lakini alituruhusu, na tulipanda ngazi za zege hadi juu kabisa.

Bibi, zinaonekana zote! Hakuna kichwa cha mtu mbele yako. Zinapanda, zinachanua, rangi inashuka taratibu juu ya majengo, na kwanza husikii kitu. Ukishasahau kabisa kwamba kuna sauti, ndipo inakuja, du... du..., kama mtu anatwanga mpunga nyumba ya tano kutoka yako. Nilifumba macho tena. Kifua changu kilikaa kimya. Nilipofumbua nilikuwa nalia kwa furaha, na mjomba akadhani mbu ameniingia jichoni.

Mjomba ameahidi kuzungushia mbao pale juu ili tusikaribie ukingoni, na kukupandishia kiti chenye mgongo. Shule ikifungwa nitakuja Mahege mwenyewe kukuchukua, na tutapanda basi la asubuhi pale Kibiti ili usichoke. Babu naye aje, wakati huu asiulize nani atampikia.

Nakuomba umwambie Babu ampigie mama simu aseme tu kwamba umekubali. Mama atakuja shuleni kuniambia. Na kama hata kule juu utaogopa, nishike mkono tu, usiseme kitu. Tutashuka. Nitashuka pamoja nawe katikati ya zile fashifashi, na sitageuka kuangalia. Lakini sidhani kama utaogopa, Bibi. Nilisikiliza vizuri sana kwa niaba yako.

Nabaki kusubiri neno lako, mimi
mjukuu wako wa Kibiti,
Rukia