Mshenga Korongoni

Jumatano, 4 Novemba 2009
Inatangazwa rasmi, kwa umma wote uliomo chumbani humu, yaani mimi: nimenunua kofia ya jua. Nje, Vällingby nzima, mtaa wetu huu wa Stockholm, inanyesha theluji ya majimaji. Muuzaji aliniangalia kwa huruma.

Tunaenda Misri, wiki moja, tiketi za bei ya kutupa. Mimi naenda kikazi. Firmin, tunayesafisha naye ndege uwanjani Arlanda, anamtaka Asifiwe wa kanisani, na mshenga ni mimi. Asifiwe anasafiri na shangazi yake, Mama Laurentine. Firmin naye, kwa bahati tu, anasafiri. Utaratibu wa kwetu Beni, Kongo: Firmin ananiambia mimi, mimi namwambia shangazi, shangazi anamwambia Asifiwe. Jibu linarudi njia hiyohiyo. Kama posta, ila polepole. Tangu Pasaka Firmin anangoja. Na Jumatatu tarehe 16, tukisharudi, lazima awajibu watu wa Kiruna, kaskazini kabisa, waliompa kazi. Akikosa jibu, anahamia huko.

Jumanne, 10 Novemba
Korongo! Hifadhi ya taifa, jangwani kabisa. Kuta nyekundu na njano, mbingu juu nyembamba kama utepe. Kiongozi kasema yote hayo yalichongwa na maji. Maji yenyewe hayakuwepo.

Njia ya mtu mmoja mmoja. Firmin mbele, mimi kati, Asifiwe nyuma yangu. Shangazi alifika penye kubana, akapapima kwa macho, akaketi.
— Mungu aliumba na huku nje. Endeleeni.

Posta ikafungwa hapo.

Firmin akaninong'oneza: Kaka, si umuulize tu? Korongo likarudia kwa sauti: umuulize tu... tu... Wazee wa Kiswidi waliotutangulia wakageuka.

Asifiwe hakunong'ona.
— Papa Heshima, mwambie akitaka jibu aniulize mwenyewe.

Korongo likamwambia mara tatu. Firmin akanigeukia, jasho linamchuruzika:
— Kaka, amesema nini?

Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata habari. Tukatembea mpaka mwisho, tukarudi. Hakuuliza.

Jumatano, 11 Novemba
Firmin hali chakula. Eti kumuuliza binti uso kwa uso ni kukosa adabu, baba yake angekufa. Baba huyo wa Firmin yuko Beni, mzima, na ndiye anayenipigia simu: mbona mnakawia hivyo?

Ijumaa, 13 Novemba
Naandika ndani ya pendeltåg, treni ya kwenda mjini. Firmin anakaa Märsta, nyuma ya stesheni tu. Tulipofika pale kwa basi la kutoka uwanjani tukampa mkono wa kwaheri — akapanda treni nasi! Akaketi mkabala na Asifiwe. Shangazi akaniita viti vya nyuma: Papa Heshima, njoo unishikie begi. Begi jepesi kama mkate.

Stesheni ya Rosersberg. Asifiwe ametoa visikilizio masikioni, ameviweka mapajani. Anamtazama.

Upplands Väsby. Firmin anafunga zipu ya koti, anaifungua.

Rotebro. Firmin amefungua mdomo! Shangazi kanifinya mkono.

Firmin amelala, mdomo wazi.