Chupa ya Kijani Isiyotobolewa

Jumamosi, 15 Februari

Nimesafisha kona ya baba uani. Miezi sita naizunguka tu, kila siku nasema kesho. Mama kasema panya wameshakuwa wapangaji pale, bado kuandikiana mkataba.

Spana nimezipanga sandukuni. Vitambaa vya grisi nimechoma. Halafu gunia la chupa tupu za oili, karibu zote zimetobolewa kitako. Ndivyo baba alivyofanya tangu nikiwa mdogo: akishabadilisha oili ya pikipiki, anakwaruza namba ya kilomita ubavuni mwa chupa kwa msumari, kisha anaupasha moto msumari huohuo na kutoboa matundu mawili chini. Mafundi wengine wana daftari, yeye ana gunia. Kushika msumari kwa koleo juu ya jiko ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa naringa nayo. Sikuwahi kuuliza kwa nini anatoboa. Nilidhani ni ukorofi wake tu, maana wateja walikuwa wakimwita Fundi Mkorofi na yeye anaitika.

Mnunua chupa akapita na baiskeli yake. Kalimwaga gunia chini, kaanza kununa: zilizotoboka hazitaki. Nikamwuliza, kwani plastiki si plastiki? Kacheka. Kapekua mpaka akapata nzima moja, ya kijani, yenye vumbi la kutosha. Hiyo moja kaifuta kwa shati lake na kuilipia vizuri kuliko nilivyotegemea. Haya, kila mtu na biashara yake.

Baba alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Tangu apigwe na kiharusi neno lake limebaki moja: sawa. Njaa ni sawa, maumivu ni sawa, hapana nayo ni sawa. Mama humtania kwamba miaka thelathini ya ndoa hajawahi kumkubalia mambo mengi hivi. Leo aliisema sana, kwa sauti kubwa, huku akipiga kiti kwa mkono wa kushoto. Nikamletea maji, akayasukuma yakamwagika. Nikamletea chombo cha haja ndogo, akageuza uso. Mwisho akalia. Nadhani ni kona yake, kuiona imekuwa tupu. Nilimfuta machozi, nikaenda nyuma ya bafu na mimi nikalia yangu.

Jumatatu, 3 Machi

Kilomita zimetimia, oili lazima ibadilishwe wiki hii.

Msimamizi wa maabara katukusanya leo sisi tunaobeba sampuli kwa pikipiki. Damu na makohozi kutoka zahanati hadi hospitali, havisubiri mtu. Atakayekwama njiani mara mbili, njia yake anapewa mwingine. Mimi nimeshakwama mara moja, Januari, pancha. Aliniangalia alipokuwa anasema. Au nilijihisi tu.

Pikipiki ni ya baba. Aliinunua ikiwa mzoga, akaifungua yote kwenye turubai, akaijenga upya kuanzia pistoni. Ndiyo injini ya mwisho kuijenga akiwa na mikono miwili. Ikifa hii, hakuna wa kuifufua tena, na kazi yangu inakwenda nayo. Kwa hiyo suala la oili kwangu si dogo.

Nimepita duka la spea mjini. Rafu tatu. Juu zile za sintetiki, za bei ya kutisha. Katikati mchanganyiko. Chini kabisa oili ya kawaida. Muuza duka hakunificha: injini ya zamani, inayopozwa na upepo tu, haihitaji makuu. Ya kawaida inatosha, ile nzito, mradi usicheleweshe kuibadilisha. Ni ileile ya baba, chupa ya kijani. Ila bei imepanda tena. Niliishika, nikaizungusha, nikairudisha kwenye rafu polepole kana kwamba nitarudi kuichukua.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwuliza Mkunga kama naweza kuweka oili ya magari. Inauzwa kwa kupimiwa, rahisi sana. Mkunga ndiye dada anayepanda vijiji vya mlimani kwa pikipiki kuwaona wajawazito, na kila Jumanne tunakutana zahanati ya pili. Kasema nisithubutu. Kwenye pikipiki klachi inaogelea humohumo ndani ya oili ya injini, na ile ya magari inaifanya iteleze. Yeye alijaribu mwaka jana. Injini inanguruma, pikipiki haipandi, yuko katikati ya mlima na mjamzito anamsubiri.

"Mdogo wangu, kubana matumizi kuna mahali pake," kaniambia.

Basi. Ya kawaida, ya pikipiki. Bado bei tu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeipata! Kibanda cha njia panda, kile cha mabati ya bluu. Chupa ileile ya kijani, maandishi yaleyale, kizibo na utepe wake haujakatwa. Na bei iko chini, si kidogo. Nikamwuliza mwenye kibanda mbona hivyo. Kasema mzigo unamfikia moja kwa moja, haupiti kwa mtu wa kati. Ana sauti nzuri ya upole, hata kiti kanipa.

Nimechukua mbili, moja ya Mkunga, pikipiki zetu ni aina moja. Nimempelekea palepale. Kafurahi, kasema nina jicho. Nimerudi nyumbani nikijiona mjanja kweli.

Jumapili, 9 Machi

Leo nimebadilisha oili kwa mikono yangu. Tangu baba augue nilikuwa naipeleka kwa fundi mjini, lakini nimechoka kulipia kitu nilichokitazama utoto wangu wote.

Nilimsogeza baba na kiti chake mpaka karibu na pikipiki. Niliwasha injini kidogo ipate moto, nikazima, nikaweka beseni chini, nikafungua nati. Nilitumia spana isiyo saizi, baba akafoka. Sawa! Nikabadilisha. Sawa, ya chini hii, ya kuridhika. Oili ya zamani ilitoka nyeusi, nzito, kama inavyopaswa kutoka. Nikafuta nati, nikafunga, nikaweka mpya, nikapima kwa kijiti. Baba alinyoosha mkono, akanishika bega. Sijashikwa bega na baba miezi mingapi? Niliinama nikajifanya natafuta kitambaa.

Kisha akaanza kuonyesha. Chupa tupu. Jiko. Chupa tupu. Jiko. Nikajua anataka msumari. Nikamwambia, baba, chupa nzuri hivi tunaiharibia nini, si itatufaa kuwekea mafuta ya taa? Sawa, sawa, sawa. Alipiga kiti. Mama akatoka jikoni, akasema mwache mwenzio na mila zake, toboa yaishe. Nikasema baadaye. Nimeiweka dirishani. Baba hakula vizuri jioni.

Jumatano, 12 Machi

Injini inachemka. Paja la kulia linaungua nikisimama. Labda ni jua.

Ijumaa, 14 Machi

Si jua.

Nimerudi saa kumi na sampuli zote zimefika, Mungu mkubwa. Lakini tangu zahanati ya tatu injini inagonga. Kwanza kwa mbali, kama cherehani ya jirani. Halafu karibu. Kwenye mteremko nilizima nikaserereka, nikiogopa kuiwasha tena.

Nilipoingia uani baba alikuwa ameshakaa wima. Alinisikia tangu barabarani. Uso wake — sijauona hivyo tangu alipokuwa akiwafokea vijana waliowaletea wateja spea mbovu. Aliniashiria nizime. Akaonyesha kijiti cha kupimia oili. Nikakichomoa, nikampa. Akapaka oili kati ya vidole viwili vya kushoto, akavisugua, akavifungua. Haikuvutika hata kidogo. Akainusa. Akachukua mkono wangu na kunipaka mimi, nione mwenyewe. Ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Siku tano tu! Na harufu ya kuungua.

Nikaenda kwa muuza spea wa mjini, nikamwonyesha kidole chenye ile oili. Hakunicheka, afadhali angecheka. Kasema kuna watu wanakusanya oili iliyokwisha kutumika, wanaichuja, wanaichanganya na kitu cha kuing'arisha na kuitia kwenye chupa za kampuni halisi. Nikasema ya kwangu ilikuwa na utepe. Kasema utepe unauzwa. Chupa nzima ndiyo ngumu kupatikana.

Nikarudi nyumbani na hilo neno kichwani. Nimenunua ile ya kweli, kwa bei ileile niliyoikimbia.

Jumamosi, 15 Machi

Mwezi kamili tangu nisafishe kona. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango, mikono michafu.

Asubuhi nimemwaga oili yote. Imetoka kwa haraka, chururu, na ndani yake kuna kung'aa, chembe ndogondogo. Baba akaziona kabla yangu. Ni vyuma vya ndani vimesagika. Kiasi gani, sijui. Hatasema, na hata angekuwa na maneno nadhani leo asingesema.

Nikataka kumpelekea mwenye kibanda oili yake ndani ya chupa yake. Nikaichukua dirishani, nikaiosha kwanza kwa maji ya moto na sabuni, ili asije kusema ni uchafu wangu. Karatasi ya jina ikavimba, ikaniteleza mkononi na kubaki kwenye beseni. Chupa za baba nimeziosha nyingi, haijawahi kutoka karatasi; hii imebandikwa upya. Na chini yake kuna mikwaruzo.

Nne. Moja. Saba — saba yenye kistari katikati, hakuna mwingine ninayemjua anayeiandika hivyo. Halafu tarakimu inayofuata imeanza, haikuisha. Mkwaruzo umeteremka ubavuni, umepinda, umeendelea mpaka kitako cha chupa.

Daktari alituuliza Agosti, ilianza saa ngapi, alikuwa anafanya nini? Mama alirudi sokoni akamkuta chini kwenye kona yake, jiko lina moto, msumari uko pembeni. Miezi saba tumekuwa tukiulizana. Alikuwa anaandika kilomita. Alikuwa bado hajatoboa.

Na hiyo ndiyo chupa nzima niliyoiuza. Alikuwa ananizuia pale mlangoni, nami nikamletea maji.

Nimempelekea baba ile chupa. Nikasema tu, baba, ni yako. Akaipakata mapajani, akapitisha dole gumba kwenye nne, kwenye moja, kwenye saba, akaufuata ule mstari polepole mpaka mwisho. Akarudia. Mama alikuwa amesimama nyuma yake, mkono mdomoni. Baba akasema sawa. Kwa chini sana.

Nikakumbuka chupa ya pili.

Nimempigia Mkunga tangu saa tatu. Hapatikani. Leo Jumamosi yuko kule juu, kijiji cha mwisho, na kushuka ni kona tupu, korongo upande mmoja. Jumanne aliniambia ameshaiweka, akanishukuru tena. Injini ikikwama ghafla kwenye kona zile, gurudumu la nyuma linakwama nalo. Nimepiga zahanati, muuguzi kasema alikwishaondoka asubuhi, atamwambia akirudi. Akirudi! Pikipiki yangu haina oili hata tone, na hata nikiiwekea ile mpya sijui kama itafika nusu ya mlima. Nimemtuma mama kwa jirani mwenye gari la mizigo.

Nakaa, napiga, nakata, napiga.

Baba amejikokota na kiti chake mpaka kwenye jiko. Ameuweka msumari kwenye makaa mwenyewe, kwa kushoto. Sasa ananinyooshea koleo, mpini ukiwa upande wangu, kama alivyokuwa akinipa nikiwa na miaka saba. Ile chupa iko mapajani kwake. Ni maandishi yake ya mwisho, baba. Mkono ule hautaandika tena, hii nitaitoboaje? Ananitazama tu. Hashushi koleo.

Nimelichukua. Msumari umeshakuwa mwekundu.

Nimepiga tena. Safari hii inaita. Inaita, haijapokelewa —