Mama wa Mlangoni Ana Jina

Da Neema, mkutubi wangu,

Hujambo huko maktaba, na kikohozi je? Bagamoyo jua linawaka mpaka kioo cha simu hakionyeshi kitu. Nisamehe basi nilivyonuna uliponibebesha zile picha za zamani ulizochapa kubwa, nikadai wanafunzi wangu wote wana simu.

Leo nilikuwa nafundisha milango ya nakshi mbele ya nyumba moja ya Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo. Wanafunzi wakampa shikamoo bibi anayekaanga vitumbua barazani. Akaitikia, akaomba aone tulichoshika: picha yako ya nyumba ile ile, ya zamani. Alipomwona mwanamke aliyesimama mlangoni pichani, akakaa chini.

"Huyu mama yangu. Hapo ana mimba yangu mimi."

Somo langu likaishia hapo. Akafundisha yeye, nyumba nzima, chumba kwa chumba, mpaka vitumbua vikaungua. Sijawahi kuona darasa langu limetulia vile.

Ahsante sana, dada. Picha nimemwachia. Ila nyuma yake uliandika kama ilivyo kwenye orodha yenu: "Mwanamke, hajulikani." Tafadhali futa huko kwenye orodha. Anaitwa Mwanaidi binti Sefu, na binti yake anakusalimu.

Kombo